Protekta ya simu: angalia ukingo kabla hujatoa pesa

Kati ya Januari na Machi mwaka huu nilibandika protekta tatu, vile vioo vyembamba vya kulinda skrini, kwenye simu moja. Ya kwanza ilidumu siku kumi na moja. Ya pili siku nne. Ya tatu ilipasuka nikiwa kwenye matatu natoka Kondele, hapa Kisumu, simu imo mkobani, haijaanguka wala haijakaliwa. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inavyovunjika. Kuitoa simu, ufa umeshaanzia pembe ya chini kulia, umekata mshazari hadi katikati ya skrini. Jirani yake mle mkobani zilikuwa funguo za nyumba tu.

Nikarudi kwa aliyeniuzia.

"Hii imeanguka, madam."

"Haijaanguka, kijana wangu."

"Basi uliikalia. Hii ni 9H, haiwezi kupasuka yenyewe."

Akaninyooshea boksi. Kweli limeandikwa 9H kwa herufi za dhahabu, na chini yake 21D. Nikaondoka bila pesa na bila protekta.

Nyumbani nilizitandaza zote tatu mezani, nikawasha tochi ya simu ya dada yangu na kuzimulika moja moja kwa ubavu. Nyufa zote zilikuwa zimeanzia ukingoni. Na pale kila ufa ulipoanzia palikuwa na kijino kidogo cheupe, kama sahani iliyomeguka mdomoni. Nilipowauliza wasomaji wangu, jumbe zilitoka Kakamega, Busia na Nakuru, na karibu kila mmoja alisema jambo lilelile: "ilianzia pembeni." Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia sana uwazi wa kioo wala jinsi kidole kinavyoteleza juu yake. Hayo protekta nyingi zinayaweza siku ya kwanza. Mimi nataka tuzungumzie ukingo.

Kwa nini pembeni

Wengi hudhani kioo hiki huimarishwa kwa moto, kama vile vya madirisha ya basi. Kioo cha basi hupashwa joto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Nje kunakauka kwanza, ndani kunaendelea kupoa na kuvuta, na mvutano huo ndio unaokipa nguvu. Kwenye protekta njia hiyo haifai. Protekta ya kawaida ina unene wa milimita 0.33 hivi, na kitu chembamba namna hiyo hupoa nje na ndani kwa mpigo mmoja.

Kinachotumika ni chumvi. Nitrati ya potasiamu, ileile ambayo mkulima wa nyanya hununua agroveti akaichanganya na maji ya matone, huyeyushwa hadi iwe kimiminika cha nyuzi 400 hivi, na vioo vikazamishwa humo kwa saa kadhaa. Ndani ya kioo mna chembe za sodiamu. Kwenye joto lile, zilizo karibu na uso hutoka na kuingia kwenye chumvi, na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, huchukua nafasi zilezile. Chukua benchi la kanisani lililokaliwa na watoto wanane. Mwondoe mtoto mmoja, mkalishe mtu mzima palepale, kisha mwingine, na mwingine, mpaka wawe watu wazima wanane bega kwa bega. Uso wa kioo ukishabanana hivyo, ufa hauna pa kufungukia, maana ufa huendelea tu pale pande zake mbili zinapovutwa zikaachana.

Kampuni ya Corning ya Marekani ilikuwa na kioo cha aina hii tangu miaka ya 1960, ikakiita Chemcor, lakini soko lake halikuwa kubwa. Kilikuja kupata kazi mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipohitaji kioo kigumu, na ndipo jina la Gorilla Glass likaenea. Hicho ni kioo cha simu yenyewe. Protekta tunazobandika juu yake huimarishwa kwa kanuni hiyohiyo, ila ubora wa kioo na muda wa kukaa chumvini hutegemea kiwanda.

Sasa, lile tabaka lililobanana ni jembamba kuliko unywele. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu: kioo hukatwa kwanza, hutobolewa tundu la kamera kama lipo, ukingo husagwa kwa vifaa vya almasi na kung'arishwa, halafu ndipo kiende chumvini. Ukikikata baadaye, ukingo mpya unabaki mtupu. Na ukisaga haraka haraka ukaacha vijino, vitaingia chumvini na kutoka vijino vilevile. Kijino chenye kina kinachopita lile tabaka ni mlango ulioachwa wazi. Funguo zikiugandamiza mlango huo kidogo tu mkobani, ufa unapita.

Kung'arisha ukingo kunakula muda, na vifaa vya kusagia huchakaa. Mnunuzi naye huangalia uso, hauangalii ukingo. Mimi naamini hapo ndipo watengenezaji wa bei ya chini wanapookoa pesa, kwa sababu kila protekta mbovu niliyoishika ilikuwa na uso safi kabisa.

Namna ya kuupima

Beba pamba, ile ya kawaida ya duka la dawa. Omba protekta itolewe kwenye boksi, na karatasi zake za plastiki zibaki zilivyo. Ishike kwa kingo mbili za urefu, kisha pitisha pamba taratibu ukingo mzima, pembe zote nne, na uzunguke tundu la kamera ikiwa lipo. Ukingo uliong'arishwa vizuri hauchukui hata uzi. Penye kijino, pamba itanasa na kuacha nyuzi mbili tatu zikining'inia, nawe utaziona waziwazi ukiinua protekta kwenye mwanga. Usitumie kidole, kinakatika. Ukiwa na tochi, mulika kwa ubavu: ukingo mzuri hutoa mstari mmoja wa mwanga usiokatika, mbaya humetameta vidoa vidoa.

Ni kazi ya dakika moja. Nimeifanya kwenye maduka ya Oginga Odinga Street na kwenye vibanda vya Kibuye, na muuzaji asiyetaka nifungue boksi nimejifunza kumuaga kwa heshima.

Kuhusu 9H, tafadhali msilipie herufi hizo. Ni kipimo cha penseli. Penseli ya risasi ngumu hugandamizwa na kuburutwa juu ya kitu ili kuona kama itaacha mchoro, na katika kipimo hicho 9H ndiyo ya mwisho. Karibu kioo chochote kinaifaulu, hata cha dirisha lako. Anayekuuzia 10H au 20H amejiandikia mwenyewe. Ugumu wa mawe hupimwa kwa ngazi ya Mohs, na humo kioo kiko kati ya 5 na 6 na kidogo, huku mchanga wa kwarizi ukiwa 7. Ndiyo maana ukitoka matembezini Dunga na mchanga mfukoni, protekta yako "ya 9H" itachorwa tu. 5D, 11D na 21D nazo hazina kipimo chochote nyuma yake. 2.5D walau ina maana: ukingo wa juu umeviringwa.

Orodha yangu

Ya kwanza ni Nillkin H+Pro, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kampuni ya China, na aina hii ina unene wa milimita 0.2 tu, ukingo wake umeviringwa kwa 2.5D. Nimepitisha pamba kwenye tano mpaka sasa, na zote tano zilipita. Mojawapo ilikuwa ya simu ya mama yangu mdogo. Yangu ina miezi minne. Ina mchoro mmoja wa mchanga karibu na kamera, na pembe zote nne ziko salama. Ninapenda pia kwamba nyingi ni ndogo kidogo kuliko skrini, kwa hiyo kava haliusukumi ukingo. Hilo la kava watu hulisahau: kava linalobana huinua protekta upande mmoja, hewa ikaingia, na ukingo ulioinuka hauna kitu cha kuushikilia ukigongwa. Yangu niliilipia shilingi 1,200.

Ya pili ni Spigen, kampuni ya Korea Kusini, zile za EZ Fit zinazokuja na fremu ya plastiki. Unaiweka fremu juu ya simu, unagandamiza, unavuta utepe, na kioo kinakaa mahali pake bila fundi. Ukingo wake ni mzuri sana, sawa na wa Nillkin au karibu. Nimeiweka ya pili kwa sababu mjini Kisumu huwa naikuta kwa simu za iPhone na Samsung za bei kubwa, na mara nyingi ni ya kuagiza Nairobi.

Ya tatu ni Belkin ya Marekani, ile ya UltraGlass. Kioo chake kina lithiamu na chembe zake hubadilishwa mara mbili badala ya moja, kwa hiyo mbano huingia ndani zaidi. Kwa kioo chenyewe hakuna anayeishinda kwenye orodha hii. Bei ndiyo iliyoniangusha: niliyotajiwa ingenitosha kununua Nillkin tatu na nauli ya kwenda Kakamega.

Ya nne ni protekta yoyote isiyo na jina iliyopita mtihani wa pamba, na yenye gundi uso mzima. Zipo. Kati ya kila nne ninazofungua huwa napata moja, pengine mbili. Zile zenye gundi pembeni tu na katikati wazi, ziache: katikati huwa na hewa, kidole hugonga mara mbili, na vumbi likishaingia halitoki.

Za shilingi 100 za kwenye kitambaa kando ya barabara, sina la kusema zaidi ya kwamba nimepima nyingi na hazijapita.

Zile zinazoitwa seramiki ni plastiki. Zinapinda mkononi, na kioo cha unene ule hakipindi hivyo bila kuvunjika. Hazipasuki, hilo ni kweli, na kwa mtoto zinafaa. Lakini huchorwa upesi, na jina lake linamdanganya mtu.

Kuhusu wauzaji

Hapa nina uchungu, na nitausema. Wengi wetu huku tunatumia Tecno, Infinix na itel. Hizo ndizo simu ninazoziona mikononi mwa watu sokoni, hospitalini na shuleni. Lakini nikiuliza Nillkin H+Pro ya simu hizo, sijawahi kuionyeshwa dukani Kisumu hata mara moja. Mwenye simu ya shilingi 130,000 anachaguliwa kioo kizuri. Mama mboga mwenye simu ya 14,000, ambaye hana namna ya kununua skrini mpya ikivunjika, anauziwa vijino. Yeye ndiye aliyehitaji ukingo mzuri kuliko sisi sote.

Halafu bei. Protekta ileile, boksi lilelile, niliuziwa 300 nikiwa na nguo za ofisini, na dada yangu akauziwa 150 kesho yake akitoka sokoni na kikapu. Wanaangalia viatu kabla ya kutaja bei. Mwingine alinidai 100 zaidi ya kubandika, kisha akaibandika na unywele ndani, akasema utatoka wenyewe.

Na ile karatasi iliyobandikwa ukutani, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na tangu 2012 tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji. Karatasi ya ukutani haifuti hayo. Protekta iliyopasuka kwa sababu ilitoka kiwandani na kijino ni bidhaa mbovu, hata kama ni ya shilingi 300, na nimeanza kusema hivyo dukani bila kupandisha sauti. Mara mbili nimekataliwa. Mara moja, Kibuye, mwenye kibanda alichukua tochi yangu, akaitazama pembe ile kwa muda mrefu, kisha akavuta katoni lake zima akaniambia, "Chagua mwenyewe, mama." Tulifungua sita. Ya sita ndiyo haikunasa pamba, na zile tano zilizonasa aliziweka kando, akasema atamrudishia aliyemletea.