African Storybook kwa mwanafunzi wa Uganda: hadithi zipo, mazungumzo ujitungie

Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, awe wa Arua, wa Nsambya au aliyevuka kutoka Kivu ya Kongo akafikia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huanza kuhangaika sana anapofika P4, darasa la nne la msingi. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unaruhusu lugha ya eneo kutoka P1 hadi P3, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 kila somo ni Kiingereza mpaka PLE, mtihani wa kumaliza msingi. Shule nyingi za mjini hazingoji hata huo mwaka wa nne, zinaanza na Kiingereza P1. Kwa mtoto wa kambini hali ni ngumu zaidi, maana hata hiyo lugha ya eneo kwake ni ngeni. Mwalimu au mzazi wake huwa anatafuta vitu viwili: visomo vifupi anavyoweza kuvimaliza, na namna ya kumfanya aongee kuhusu alichosoma.

Kwa hitaji la kwanza, African Storybook ndiyo maktaba ya bure ya hadithi mtandaoni tunayoitanguliza mbele ya nyingine zote. Ilianzishwa na Saide, taasisi ya Afrika Kusini, na majaribio yake ya mwaka 2014 yalifanyika Kenya, Lesotho, Afrika Kusini na hapa Uganda. Kwa hiyo hadithi zake zina mbuzi, mihogo, visima na bibi anayeuza sokoni, na mtoto hakwami kwenye theluji au treni ya chini ya ardhi kabla hata hajafika kwenye kitenzi. Leseni ni huria: unaruhusiwa kuchapa, kugawa, kutafsiri, hata kurekebisha hadithi ilingane na darasa lako. Kwa matini tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa mazungumzo tunaipa moja, kwa sababu hadithi huisha bila maswali wala zoezi, na kazi yote inayobaki ni yako.

Ngazi ni tano, na zinapimwa kwa wingi wa maneno kwenye ukurasa. Ya kwanza ina neno moja au sentensi fupi, yasiyozidi maneno 11. Ya pili ina 11 hadi 25, ya tatu 26 hadi 50, ya nne 51 hadi 75, na ya tano, iliyokusudiwa kusomewa mtoto kwa sauti, inafika 150. Kipimo hiki ni rahisi kukitumia lakini kinahesabu wingi tu, hakipimi ugumu. Hadithi ya ngazi ya pili inaweza kuwa na majina ya ndege au ya mitego ambayo hata mwanafunzi wa P7 hajawahi kuyasikia kwa Kiingereza, na nyingine ya ngazi ya nne ikawa na sentensi nyepesi zinazojirudiarudia. Usichague kwa namba peke yake. Mpe mtoto maneno kama 100 asome, naye akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya mwisho, hadithi hiyo ni ngumu kwake kwa zoezi la kuzungumza: shuka ngazi moja. Asipokunja hata kimoja, panda.

Angalia pia kama hadithi imeidhinishwa na wahariri. Maktaba hii inamruhusu yeyote kuandika na kutafsiri, na humo ndani zimo kazi ambazo hakuna aliyezipitia, zenye makosa ya nyakati na herufi kubwa zilizotupwa ovyo. Mtoto anayejifunza huamini kila kilichochapwa, kwa hiyo kosa lililo kwenye karatasi ni baya kuliko lile la mdomoni.

Faida ambayo msemaji wa Kiswahili anaipata, na hapati kwenye vitabu vya dukani, ni kwamba hadithi nyingi zina toleo la Kiswahili lenye picha zilezile, ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu. Wanafungua matoleo yote mawili kwa pamoja, wanasoma sentensi ya Kiingereza, kisha ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza. Haichukui muda mtoto anagundua kwamba akisubiri kidogo maana itamjia yenyewe, na masikio yake yanafunga mpaka Kiswahili kifike. Toleo la Kiswahili lisomwe mara moja tu, jana yake au nyumbani, kisha lifichwe. Akifika kwenye Kiingereza anajua tayari nani kaiba na nani kakimbia, na nguvu zake zote zinakwenda kwenye maneno. Mtoto wa Bukavu au Goma atashangaa kidogo na Kiswahili cha toleo hilo, ambacho mara nyingi ni cha Kenya au Tanzania. Si kikwazo kikubwa, ila mwalimu ayapitie maneno magumu mapema.

Sasa mazungumzo. Chukua kipande cha maneno 80 hadi 120, yaani kurasa tatu hivi za ngazi ya tatu. Hadithi nzima ya kurasa 12 katika kipindi kimoja ni nyingi mno: watoto wataishia kusoma, na hakuna atakayeongea. Katika kipindi cha dakika 40, kusoma kusizidi dakika 15. Mwalimu asome kwanza huku wao wakifuata kwa kidole, kisha wasome kimya, kisha wawiliwawili kwa sauti ya chini. Kusoma kwa pamoja darasa zima, kule kwa kuimba, kuache kabisa au kubakize kwa P1. Watoto sitini wanaimba, ishirini wanasoma, na waliobaki wanafuata mdundo. Ukitaka kujua nani anasoma kweli, funika picha, kisha mwambie aanze na sentensi ya mwisho.

Dakika zinazobaki ni za maswali, yapande kwa daraja tatu. La kwanza jibu lake liko kwenye karatasi: "Who took the goat?" La pili linataka mtoto aunganishe mambo: "Why did he hide it?" La tatu linamhusu yeye mwenyewe: "What would you do?" Wengi huishia kwenye la kwanza kwa sababu ndilo rahisi kusahihisha, na mtoto anajibu neno moja, basi, mazungumzo yamekufa. Daraja la tatu lipe nusu ya muda. Ubaoni andika mianzo miwili au mitatu ya sentensi ya kushikilia, kama "I would..." au "I think he was afraid because...". Bila mianzo hiyo mtoto aliye na wazo zuri atalisema kwa Kiswahili, au atanyamaza.

Madawati yetu hukaliwa na watatu, wakati mwingine wanne, na mazoezi ya wawili huwa yanamwacha mtu nje. Mgeuze wa tatu kuwa mwamuzi: yeye peke yake ndiye mwenye karatasi, mmoja anauliza, mwingine anajibu bila kutazama, na mwamuzi anathibitisha kwa kuonyesha mstari. Baada ya maswali manne wanabadilishana. Kwa mpangilio huu nakala 20 zinatosha darasa la watu 60, na kelele zake ni kelele za kazi. Mwalimu wa darasa jirani aambiwe mapema.

Yapo makosa ambayo msemaji wa Kiswahili atayafanya karibu kila mara, na afadhali kuyasubiri kuliko kushtuliwa nayo. Atachanganya "he" na "she", kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakijali mume wala mke. Tiba yake ni kuchagua hadithi yenye kaka na dada wanaofanya mambo tofauti, na kuuliza kuhusu wote wawili kwa zamu. Atauliza "You went where?" kwa mpangilio wa "Ulienda wapi?", na kwa hilo dawa ni kumpa yeye kazi ya kuuliza. Darasani mtoto hujibu maswali mia kabla hajauliza moja, halafu tunashangaa hajui kuuliza. Linalosumbua zaidi katika insha ni nyakati. Sisi husimulia kwa "-ka-": alienda sokoni, akanunua, akarudi. Wakati uliopita tumeshautaja mwanzoni, hatuurudii. Mtoto akihamisha mazoea hayo anaandika "He went to the market, buy and come back." Zoezi la kusimulia upya kwa zamu, kila mtoto sentensi moja, linalidhihirisha kosa hili papo hapo. Lakini usimkatize katikati. Andika makosa matatu pembeni, uyalete ubaoni mwishoni bila kutaja mwenyewe. Anayekatizwa kila sentensi hujifunza kunyamaza.

Matamshi ni udhaifu mwingine wa kutegemea karatasi. Mwalimu asiye na uhakika na matamshi yake anaweza kutumia Global Storybooks, ambayo imechukua hadithi 40 za African Storybook na kuziwekea sauti ya kusoma. Weka sauti hizo kwenye memori kadi na zitacheza hata kwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe, lenye sehemu ya muziki. Msomaji huenda taratibu, lahaja yake si ya Kampala, na hilo halina neno. Sikilizeni ukurasa mmoja, mnyamaze, mrudie. Ukiachia hadithi nzima icheze mfululizo, imegeuka kuwa redio.

Gharama ipo kwenye intaneti na karatasi. Tangu Julai 2021 bando linakatwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo pakua hadithi za muhula mzima kwa siku moja mahali penye mtandao mzuri. Programu ya simu ya kusomea inahifadhi hadithi ulizochagua na kuzifungua bila mtandao. Kwa darasa, pakua PDF na umwambie wa fotokopi aweke kurasa nne kwenye A4 moja, pande zote mbili: hadithi ya kurasa 12 inakula karatasi mbili tu. Jaribu nakala moja kwanza. Picha za rangi nzito zikitolewa kwa nyeusi na nyeupe huwa doa tupu, na kama swali lako linategemea picha, limekwenda.

Wazazi wa P6 na P7 hulalamika kwamba hadithi hizi ni za watoto na hazimo kwenye mtihani. Nusu yake ni kweli. Sehemu B ya karatasi ya Kiingereza ya PLE ina maswali matano ya alama 10 kila moja, na humo huja kifungu cha ufahamu na mara nyingi mazungumzo ya watu wawili, vyote vikitaka majibu ya sentensi kamili. Hadithi ya ngazi ya nne unaweza kuigeuza mazungumzo kwa dakika kumi: wanafunzi wenyewe waandike alichosema mbuzi kwa mwizi, wayasome kwa sauti, kisha waulizane maswali na kujibu kwa maandishi. Sentensi kamili zidai kwenye daftari. Mdomoni usizidai, kwa sababu hakuna anayeongea hivyo, na mtoto anayelazimishwa kusema "The name of the boy who took the goat is Okello" huchoka haraka na Kiingereza chenyewe.

Kwa sekondari maktaba hii haitoshi, na kumpa kijana wa S2 hadithi ya sungura na fisi ni kumdharau. LearnEnglish Teens ya British Council ina visomo vilivyopangwa kuanzia A1, ngazi ya mwanzo kabisa, pamoja na mazoezi yake. Anayetoka mfumo wa Kongo na kuingizwa S1 kwa umri aanzie A1 bila aibu. Walio mbele zaidi wanaweza 6 Minute English ya BBC: watangazaji wawili, dakika sita, maneno sita mapya, na maandishi yote ya kupakua bure. Ni mazungumzo ya watu wawili, ingawa baadhi ya mada ni za maisha ya Uingereza. Funguo iko kwenye swali la kuchagua jibu linaloulizwa mwanzoni: simamisha sauti hapo, waache wabishane kwa Kiingereza dakika tatu, ndipo uendelee. Maandishi wapewe baada ya kusikiliza mara mbili. Ukiyagawa mapema watasoma badala ya kusikiliza.