Dawati la Jinsia kanda ya ziwa: linamfaa nani, linakatikia wapi

Uzuri wa kwanza wa Dawati la Jinsia na Watoto, lililoko vituo vya polisi, ni mlango wake. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa hasimulii kaunta, mbele ya foleni ya watu waliopotelewa na simu na vitambulisho. Anaingizwa chumba cha pembeni, mara nyingi kwa askari wa kike aliyefundishwa kazi hiyo. Halipwi mtu, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ni bure. Kwa mwanamke wa Nyamagana au Ilemela, mjini Mwanza, anayesikia, anayeona vizuri na mwenye nauli ya daladala, tunaisifu huduma hii bila kusita. Tathmini yetu ni ya wenzake watatu: kiziwi, mwenye ualbino, na mwanika dagaa wa visiwani.

Tuanze na kiziwi, maana ndiye anayepoteza zaidi. Dawati kwa kawaida halina mkalimani wake wa Lugha ya Alama, hivyo aliyemsindikiza ndiye anayegeuzwa mkalimani: dada, shemeji, hata mume mwenyewe. Hapo mtuhumiwa au ndugu yake anapata nafasi ya kuchuja maneno. Kibaya zaidi, kinachoandikwa kinakuwa maelezo ya msindikizaji. Mahakamani akija mkalimani mwingine, "alinisukuma" inageuka "alinivuta", na upande wa utetezi hauhitaji zaidi ya mkanganyiko huo.

Kwa hiyo mkalimani aombwe kabla kalamu haijagusa karatasi, kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Jina na sahihi yake viwemo ndani ya maelezo, na awe huyo huyo hospitali, polisi na mahakamani. Kinachokwamisha mara nyingi ni nauli yake na chakula cha mchana. Swali hilo liulizwe siku ya kwanza, lisingoje siku ya kesi. Kwa ambaye hakusoma shule ya viziwi na anatumia alama za nyumbani tu, mkalimani peke yake hatoshi. Anahitajika pia mtu anayezielewa alama hizo, asiye wa upande wa mtuhumiwa, pamoja na mchoro wa mwili wa kuonyeshea kidole. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Askari anayesema "huyu hawezi kutoa ushahidi" amekosea, na aambiwe hivyo kwa heshima.

Mwenye ualbino anakwama penginepo. Wengi wana uoni hafifu, na swali la kwanza la utetezi litakuwa: ulimwonaje? Tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, mahakama hupima utambuzi wa macho kwa umbali, mwanga, muda wa kumwangalia mtu na kama mlifahamiana awali. Maelezo yanayosema "nilimtambua" na kuishia hapo ni mepesi mno. Yaandikwe: alisimama hatua ngapi, taa gani ilikuwa inawaka, tunajuana tangu lini, sauti yake niliijuaje. Asomewe maelezo yote kwa sauti kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Na asisubirishwe nje kwenye benchi la juani. Ngozi yake inaungua wakati wengine wanalalamikia joto tu.

Saa ndizo zinazomtesa wa visiwani. Dawa za kinga ya VVU baada ya kubakwa huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Aliyeko kisiwa cha Ukara akingoja kivuko cha kwenda Bugolora, kisiwani Ukerewe, kisha gari la Nansio, kisha meli ya Mwanza, anazila saa hizo safarini. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kwa Ukara ni Bwisya, na hospitali ya wilaya iko Nansio. Majeraha ya dharura hutibiwa kwanza, PF3 hufuata. Asioge. Nguo alizovaa zikauke kivulini, kila moja ifungwe peke yake kwenye bahasha ya kaki au gazeti safi, kwani nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye plastiki huota ukungu na ushahidi unaharibika.

Kuna jambo ambalo wanawake wa mialoni, kwenye fukwe za kushushia samaki, hudhani halishtakiwi popote: kiongozi anayetaka ngono ndipo atoe nafasi ya kuanikia dagaa. Hiyo ni rushwa ya ngono, iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupigiwa bure kwa namba 113.

Alama zetu: mapokezi nne kati ya tano, usiri nne, ukalimani moja, ufuatiliaji mbili. Ufuatiliaji ni dhaifu kwa sababu wanaoulizwa maoni kwenye kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata si hawa watatu. Kiziwi huitwa kikaoni bila mkalimani, akae, asaini mahudhurio. Hivyo hivyo kwa mikopo ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya watu wenye ulemavu: tangazo lake likitolewa kwa kipaza sauti peke yake, kiziwi halijamfikia.

Halafu muda wa vikao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na asubuhi yake wanawake wako vichanjani wakianika hadi jua likolee. Kikao cha saa tatu asubuhi katika siku hizo huwapata wanaume na watumishi. Kiitishwe siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika ufukweni.