Picha za kupamba: kazi safi, lakini rangi ya bi harusi waiache

Mimi ni mpaka hina hapa Mombasa. Hina ya mkononi hupauka wiki mbili tatu zikipita, ikabaki picha tu, na bi harusi wa kesho huja kwangu akinionyesha picha ya bi harusi wa jana. Ndiyo maana albamu za harusi za studio moja ya hapa mtaani Mwembe Tayari nazitazama kwa jicho kali kuliko mteja wa kawaida. Jina silitaji, maana nitakalolilalamikia nimeliona kwenye studio nyingi za mjini.

Kwanza haki yao niwape. Kupamba ni shughuli ya harusi ya wanawake peke yao, bi harusi akiwa amepambwa: buibui zavuliwa, nywele ziko wazi, simu zakusanywa mlangoni. Hofu ya kila mama ni picha ya mwanawe kuzagaa mitandaoni. Hawa wapiga picha wao wote ni wanawake, na anayezisafisha picha ni dada mmoja anayekaa chumba cha nyuma, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Siku ya kuchukua albamu, faili hufutwa mama mtu akiona kwa macho yake. Kwa shilingi 35,000, amana ya namna hiyo si ya kubezwa. Taa zao pia wanazijua. Dhahabu haikung'aa ikaumiza macho, na kikuba, kile kishada cha maua ya asmini, kilionekana ua kwa ua.

Tatizo liko kwenye usafishaji. Bi harusi wetu, niliyempaka hina mimi, ni mweusi mzuri, rangi ya mama yake. Kwenye albamu amekuwa maji ya kunde, na shingoni karibu awe mweupe. Hina yangu niliiacha ikalala mkononi usiku kucha, nikiipitisha sukari na ndimu kila ikikauka, ikakoza wekundu wa kukaribia weusi. Kwenye albamu imetoka rangi ya chungwa, kama ya mtu aliyenawa mapema. Kwenye kiganja cha kushoto nilichora jani lenye mishipa myembamba kama uzi, kazi ya kushika pumzi. Programu ya kulainisha ngozi imeihesabu mishipa ile kuwa madoa, ikaifuta. Limebaki umbo la jani tupu.

Nilimuuliza yule dada. Akanijibu kwa adabu, "Bi, wateja ndivyo wanavyopenda," akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta: mpangilio mmoja ulioandaliwa tangu zamani, unabonyezwa mara moja, albamu nzima yabadilika. Bi harusi mwenyewe hakuulizwa.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu ngozi nyeusi imeonewa na picha kwa muda mrefu. Filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa miaka mingi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na watu weusi walitoka giza, macho na meno tu. Leo kamera zinatuona vizuri kuliko wakati wowote, nasi ndio tunaojifuta. Msichana anayeolewa anaambiwa siku ya furaha yake kubwa kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kasoro ya kurekebishwa, na anaambiwa na jamaa zake, si na mgeni.

Sisemi picha za zamani zilikuwa kweli tupu. N. V. Parekh, aliyekuwa na studio yake hapahapa Mombasa, miaka ya 1960 na 1970 aliwapanga watu na mataa hadi wakafanana na nyota wa sinema. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, msafiri akasimama mbele yake kama anayeondoka kwenda ng'ambo ya mbali. Mimi sioni ubaya wowote. Mteja aliichagua ndoto yake, akailipia, na uso ulibaki wake. Norwei, tangu Julai 2022, tangazo lenye mwili uliobadilishwa kwa kompyuta ni lazima liwekwe alama. Albamu ya harusi si tangazo, najua, lakini kuulizwa tu kungetosha.

Nilipolalamika, kurasa za mikono walizichapa upya bila malipo, na mishipa ya jani ikarudi yote. Kurasa za uso zimeachwa vilevile. Mama mkwe alikuwa ameshazipenda.

Nawapendekeza kwa siri ya familia na kwa taa. Lakini kabla ya kutoa arubuni, mwambie dada wa chumba cha nyuma asiiguse rangi, mwandikishe hilo kwenye risiti, na uombe kuona picha tatu nne, mikono ikiwemo, kabla albamu haijaenda kuchapwa.