Nilivyomsainia mwanangu wa miaka 19 fomu ya pombe melini, mwenzake wa miaka 20 akabaki na soda

Jamani naandika hili la mzazi kumsainia kijana wake aruhusiwe kunywa melini maana kabla hatujasafiri nilitafuta mtu aliyelielezea kwa Kiswahili sikupata, nikaishia kusoma masharti ya kampuni ya meli usiku kucha mi na miwani yangu, na bado kuna kitu kimoja kikubwa sikukielewa mpaka nimefika pale kaunta. Kwa hiyo kama una kijana wa miaka 18 mpaka 20 na mnapanga kupanda zile meli kubwa za utalii kutokea Marekani, soma mpaka mwisho tafadhali.

Sisi tunaishi Houston, kwetu ni Rombo, Tanzania. Tulikuwa watano, mimi, baba watoto, kijana wangu wa miaka 19, binti yetu wa 14, na mtoto wa dada yangu ana miaka 20, yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, anakaa kwangu tangu amefika na mi kwangu huyo ni mwanangu, sina neno lingine la kumwita. Likizo yao ya mwezi wa tatu tukachukua meli ya siku tano kutoka Galveston kwenda Cozumel na Costa Maya, yote Mexico. Jina la kampuni naliacha, masharti yenyewe nitayaeleza.

Kwanza mjue mzizi wa jambo. Marekani umri wa kunywa ni 21, na hiyo si ya zamani kama watu wanavyodhani, ni sheria ya mwaka 1984, Rais Reagan aliisaini, na serikali kuu haikulazimisha majimbo moja kwa moja, ilisema tu jimbo litakaloruhusu chini ya 21 kununua litakatwa sehemu ya hela za barabara, bas kufika 1988 majimbo yote yalikuwa yameshakubali. Sasa meli nyingi kati ya hizi hazijasajiliwa Marekani, utaziona nyuma zimeandikwa Nassau au Panama, yaani bendera yao ni ya Bahamas au Panama, na kule 18 ni mtu mzima. Meli ikishatoka maji ya Marekani, maili 12 za baharini, kama kilomita 22 hivi, ile 21 inakuwa uamuzi wa kampuni tu. Ndo maana kila kampuni ina lake. Carnival ukipandia Marekani ni 21 na hamna mjadala. Royal Caribbean kutokea Marekani 21, kutokea Ulaya 18. Disney ni 21, ila kwa zile safari zinazoanzia na kuishia Ulaya mzazi anaweza kusaini kijana wa 18 mpaka 20 anywe, tena mzazi awepo pale pale. Ya kwetu ilikuwa na fomu ya mzazi hata kwa safari ya Galveston, bia na waini peke yake, pombe kali hapana, kokteli hapana, na ni meli ikiwa bahari kuu tu. Haya mambo yanabadilika, usilipe hela kwa sababu mimi nimesema, fungua masharti ya safari yako mwenyewe uangalie.

Najua kuna mtu atauliza mama gani anasainia mtoto pombe. Nikwambie ukweli sikuamua kirahisi. Kaka yangu mkubwa pombe ilimmaliza, alianza kwa kujificha na gongo migombani tukiwa wadogo, hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa naye akamwambia kitu zaidi ya kumchapa, na tulimzika hajafika 40. Upande mwingine babu yetu akiwa na kata yake ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, alikuwa anatuonjesha, kidogo tu, mbele ya watu wote, anakwambia ukinywa unakaa, hutembei na kata mkononi, na hunywi kabla mkubwa hajanywa. Wale tuliofundishwa pale kwenye kata wengi tuko salama mpaka leo. Kwa hiyo mi kijana wangu ambaye yuko chuo, na najua kabisa huko chuo anakunywa asiponiambia, nikaona bora anywe bia mbele yangu nimuone anavyokunywa. Baba watoto alisema hapana wiki nzima, alafu akasema saini wewe ila mi nitakaa naye meza moja. Na alikaa kweli.

Fomu yenyewe ni rahisi, haizidi ukurasa mmoja. Huwezi kuijaza nyumbani, inajazwa melini kwenye kaunta ya wageni, mzazi na kijana wote mnasimama pale na paspoti zenu. Inasema mzazi anabeba dhamana yote ya kijana akinywa, kijana hataruhusiwa kununulia wala kumpa mtu mwingine, na kampuni inaweza kuifuta saa yoyote. Foleni siku ya kwanza ni ndefu, kila mtu ana shida yake, nilisimama karibu saa nzima. Ushauri wangu nenda usiku baada ya chakula, patupu kabisa, na hata ukisaini mchana haitafanya kazi mpaka meli ifike mbali, kijana wangu alikuwa anaangalia ramani kwenye tivii ya chumbani kama anangoja matokeo ya mtihani.

Sasa pale kaunta ndo palipouma. Nimemaliza ya kijana wangu nikasema na huyu mwingine pia. Yule dada akaangalia paspoti akaona majina tofauti, akauliza kwa upole tu, wewe ni mama yake? Nikasema ndiyo. Akauliza mama mzazi? Nikanyamaza. Kwa Kiswahili ni mama yake, mama mdogo ni mama, dada yangu akifa leo hakuna atakayeuliza mtoto anaenda wapi, ada ya shule nimelipa mimi, akiumwa nakesha mimi. Lakini karatasi inataka aliyemzaa, aliyemwasili kisheria au mlezi mwenye hati ya mahakama, na mtu wa miaka 20 nani atampa hati ya ulezi, ameshakuwa mtu mzima. Nikampigia dada WhatsApp pale pale, kule ni usiku wa manane akaamka, akasema naandika barua sasa hivi naituma. Yule dada wa kaunta akasema pole mama, mzazi lazima awe ndani ya meli, barua haisaidii. Hakuwa mkorofi hata kidogo, alikuwa anafuata alichoambiwa. Wajomba, mashangazi, kaka mkubwa, bibi na babu, wote hawaruhusiwi kusaini. Hili ndo sikulielewa kabla, na sisi watu wetu nusu ya watoto tunaosafiri nao ni wa ndugu.

Mtoto wa watu akaniambia hamna shida mama, mi nitakunywa soda. Sawa. Lakini hebu fikiria, mkubwa ana miaka 20 anakunywa soda, mdogo wake wa 19 amewekewa bia mbele. Usiku wa kwanza kijana wangu alipata shida mwenyewe, kwanza mhudumu wa baa alichanja kadi ya chumba ikakataa kwa sababu ruhusa ilikuwa haijaingia kwenye kompyuta, tukarudishwa kaunta, tukarudi, tukarudishwa tena, ilifika saa nne usiku ndo akapata bia moja. Akainywa nusu akaiacha. Nilimuuliza kwa nini, akasema haina raha mama, bro ananiangalia.

Usiku wa pili ndo likatokea. Tuko mezani wote, muziki unapigwa, kijana wangu akaenda kaunta akarudi na glasi mbili za bia, moja akaiweka mbele ya kaka yake. Hakujificha, aliiweka wazi kabisa kama mtu anavyompa mkubwa wake. Mwenzake akaisukuma katikati ya meza, hata hakuigusa mdomoni, akasema acha, mama mdogo atapata matatizo. Lakini mhudumu ameshaona. Akaja msimamizi, akaja na mtu wa usalama, wakaongea vizuri bila kelele, wakaandika namba ya chumba, wakaniambia mimi niliyesaini kwamba ikijirudia fomu inafutwa na mnaweza hata kushushwa bandari inayofuata kwa gharama zenu. Moyo ulienda mbio. Si kwa ajili ya kijana wangu, yeye ni raia. Ni kwa huyu wa viza. Mtu wa viza ya mwanafunzi hatakiwi kabisa jina lake kuandikwa kwenye kitu chochote cha pombe nchi hii, kukamatwa mara moja tu unaendesha umelewa, hata kesi haijaisha, viza inaweza kufutwa. Sikulala usiku ule, nilikuwa nahesabu mambo niliyomwahidi dada.

Asubuhi niliwaita wote wawili tukakaa kule juu nje, upepo mkali, nikamwambia kijana wangu umekosea. Nikamwambia pia najua kwa nini ulifanya, na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo tangu mdogo kwamba hunywi ukamruka mkubwa. Yote mawili ni kweli. Alilia kidogo, mtoto wa miaka 19, na kaka yake akamshika bega. Kuanzia hapo mpaka tunarudi Galveston hakuagiza bia tena ndani ya meli, hakuna aliyemkataza.

Cozumel sasa. Mexico umri ni 18, kwa hiyo ukishuka pale hamna fomu hamna nini, wewe na kitambulisho chako tu. Tulitafuta kibanda cha samaki mbali kidogo na yale maduka ya bandarini, wakatuletea samaki mzima wa kuchoma na ndimu, nikaagiza bia nne na binti akachukua maji ya machungwa. Baba watoto akamimina ya mkubwa kwanza, akamimina ya mdogo. Tulikaa saa mbili hivi, kila mmoja bia moja, mwingine hakumaliza. Nilimweleza mkubwa habari za mjomba wake, maana alikuwa anasikia tu alikufa, hajawahi kuambiwa kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza mbona mama hajawahi kuniambia. Picha ya ile meza ndo niliyomtumia dada.

Angalizo la huko bandarini, ukinunua chupa wanakuhifadhia mlangoni unapewa mwisho wa safari, na ukishuka Galveston kuna watu wa jimbo la Texas wanaodai kodi ya chupa pale pale, na wa chini ya 21 haruhusiwi kuingia nayo kabisa, hata kama mama yake alisaini fomu melini. Ile fomu inaishia melini. Na kitu kingine, asubuhi ya kushuka usimpe kijana funguo za gari. Texas chini ya 21 ukikutwa unaendesha na pombe mwilini, hata kidogo namna gani, ni kosa, hamna kile kipimo cha pombe kwenye damu cha 0.08 cha wakubwa. Kutoka Galveston mpaka kwetu Houston ni mwendo wa saa moja hivi, niliendesha mwenyewe japo nilikuwa nimechoka.

Cha ajabu hapa hapa Texas sheria inaruhusu mtoto kunywa akiwa na mzazi wake pale anapomuona. Tena hapo pia wamesema mzazi, mlezi wa kisheria au mume au mke wake. Mama mdogo hayupo.

Nikipewa nafasi ya kuwaambia kitu hao wenye meli, ningesema hivi, kama mnachotaka ni mtu mzima wa kubeba dhamana, mimi nilikuwa nimesimama pale, chumba chake nimelipa mimi, kadi inayokatwa ni yangu, paspoti yake na ile karatasi ya chuo ya I-20 vyote viko kwenye mkoba wangu. Wekeni kwamba mzazi aliye mbali asaini mbele ya wakili kabla ya safari amtaje anayesafiri na kijana, kama inavyofanyika kwa watoto wadogo wanaosafiri bila wazazi. Si pombe ninayoitetea. Ni kuwagawa watoto wa nyumba moja mezani, kitu ambacho sisi hatufanyi.

Nyota, kwa fomu yenyewe natoa 3 kati ya 5. Bia na waini tu bila pombe kali, hiyo nimeikubali kabisa. Wahudumu 5, walikuwa na adabu hata pale tulipokosea. Kompyuta yao ya baa 1.

Kijana wa dada anafikisha 21 mwezi wa kumi na moja. Mdogo wake atakuwa bado 20, yaani yeye ndo atabaki wa kusainiwa, kwa hiyo tunaangalia ya Barcelona mwakani ambako kwa kampuni kama Royal Caribbean 18 inatosha na hamna wa kusainiwa, na mkubwa nimeshamwambia viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, aanze kushughulikia mapema, miadi ya Houston inajaa haraka sana.