Kompyuta ya baiskeli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kompyuta ya baiskeli ni kifaa kidogo cha usukanini kinachokuonyesha kasi, umbali na mengine ya safari. Kabla ya kuuliza bei, jiulize hivi: ukiwa unakanyaga pedali na macho yakashuka kwenye usukani, unataka kujua nini? Anayetaka kasi na kilomita tu hahitaji kifaa kile kile cha mtu anayefuata njia ngeni, wala cha yule anayejifua kwa mashindano huku akichunga mapigo ya moyo. Nimezipanga aina tano kwa kumfikiria mwendeshaji wa kawaida, anayetoka mara chache kwa wiki na kurudi kabla ya giza. Mwanamichezo ana haki ya kuipandisha namba tatu ikawa ya kwanza.

1. GPS ndogo isiyo na ramani kamili

Wengi wachukue hii. Kampuni za Bryton, iGPSPORT na Garmin zote zinazo, na Edge 130 Plus ya Garmin ni mfano wake. Haihitaji waya wala sumaku: inasoma satelaiti, inarekodi safari, kisha inaipeleka kwenye simu kwa Bluetooth na kutoka hapo hadi Strava, programu ya kutunza na kushirikisha safari, ukipenda. Nyingi huweza pia kuonyesha njia uliyoiandaa kama mstari mtupu kwenye skrini. Ukikosea kona, unajiona ukiachana na mstari. Kwa mtu aliyekwisha kuitazama njia yake kwenye simu, mstari huo unatosha kabisa.

Kitu cha kukagua kwanza ni baromita. Satelaiti hukadiria mwinuko kwa udhaifu zaidi kuliko zinavyokadiria mahali ulipo, kwa hiyo kifaa kisicho na baromita kinaweza kukuandikia vilima ambavyo hukuvipanda. Baromita hupima mgandamizo wa hewa, unaopungua kama hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo huo) kwa kila mita 8 unazopanda ukiwa karibu na usawa wa bahari. Nayo ina udhia wake: hali ya hewa ikigeuka katikati ya safari, mwinuko unahama ingawa wewe uko tambarare, na kitundu chake kikiziba kwa maji au jasho, namba zinakwenda kombo.

Cha pili ni betri. Saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za mazingira mepesi. Washa mwanga wa skrini, unganisha mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, fuata njia, na saa hizo zinapungua. Mimi huchukua safari ndefu kuliko zote ninazotarajia, nikaizidisha mara mbili. Kifaa kisichofika hapo nakirudisha kwenye rafu. Kumbuka pia kwamba betri ya ndani huchakaa, na nyingi hazikuundwa ubadilishe mwenyewe.

2. Ya waya na sumaku

Usiidharau. Wazo lake lina zaidi ya karne: Curtis Veeder wa Marekani alileta kihesabu mizunguko cha baiskeli mwaka 1895. Ya leo ina sumaku kwenye spoki na sensa kwenye uma. Kila sumaku inapopita, kifaa kinahesabu mzunguko mmoja na kuuzidisha kwa mzingo wa gurudumu, yaani urefu wa kulizunguka mara moja. Hakuna kuchaji kila baada ya safari, kwani betri yake ndogo ya duara hudumu miezi mingi. Tazama za Cateye na Sigma.

Makosa yake karibu yote huanzia kwenye namba ya mzingo unayoiingiza siku ya kwanza. Kwenye majedwali ya kawaida, tairi ya 700x25 (namba ya mwisho ni upana kwa milimita) huandikwa mzingo wa milimita 2105, na ya 700x28 huandikwa 2136. Ukitoka ya 25 kwenda ya 28 ukaiacha namba ya zamani, kifaa kitakuibia karibu kilomita moja na nusu katika kila 100. Afadhali upime mwenyewe. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote, weka valvu chini kabisa, chora alama sakafuni, kalia baiskeli na mwenzako aisukume moja kwa moja mpaka valvu irudi chini, kisha pima umbali huo. Bila uzito wako juu yake tairi haibonyei, na kipimo kinatoka kirefu kuliko ukweli.

Kwa kasi ya papo hapo aina hii hushinda GPS, hasa ndani ya handaki au chini ya miti minene. Ndiyo maana hata wenye GPS za bei kubwa huongeza sensa ya kasi kwenye kitovu cha gurudumu.

3. GPS yenye ramani

Hapa wamo Garmin Edge 540 na 840, Wahoo Elemnt Roam na Hammerhead Karoo. Ukipotea, inakutafutia njia nyingine. Tofauti kubwa ya 540 na 840 ni kwamba 840 imeongezewa skrini ya kugusa. Mvua ikinyesha au ukivaa glavu, vitufe ndivyo vinavyotii, kwa hiyo mimi nisingelipia mguso peke yake. Hakikisha ramani ya eneo lako imo, na kama una mita ya nguvu (inayopima nguvu ya kukanyaga) au mkanda wa moyo wa zamani, angalia kama vifaa hivyo vinatumia ANT+ au Bluetooth, njia mbili za kuunganisha bila waya. Kama njia zako ni zile zile kila wiki, pesa yako itakaa bure usukanini.

4. Ya sumaku isiyo na waya

Ni namba mbili iliyokatwa waya, ikaongezewa betri ya pili. Za bei rahisi huweza kuvurugwa na taa za LED zilizo karibu. Unalipia unadhifu.

5. Simu usukanini

Jua linafifisha skrini, betri inakwisha, na ukianguka, kinachovunjika ndicho ulichokihitaji kuitia msaada. Programu ya kurekodi safari iache ifanye kazi ukiwa umeiweka simu mfukoni.

Ukinunua iliyotumika, igeuze kwanza. Masikio ya plastiki yanayoingia kwenye kishikilio yakiwa yamelika au yana ufa, achana nayo, maana itaruka kwenye shimo la kwanza. Hata nzima ifunge kamba ya usalama. Angalia kizibo cha mpira cha tundu la kuchajia, iwashe na uiache ifanye kazi muda mrefu, kisha mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake ukiwa unaona. Akisema atafanya baadaye, na wewe lipa baadaye.