Godox TT600 baada ya miezi minane: flashi niliyoishusha kutoka juu ya kamera

Studio yangu ipo Ngamiani, Tanga, chumba kimoja cha mita tatu kwa nne. Miaka yote nilipiga kwa flashi iliyochomekwa juu ya kamera, na kuna jambo lililokuwa likiniuma: mtu anaingia na sura nzuri, anatoka bapa, paji la uso linawaka kama limepakwa mafuta, kivuli kimebandikwa ukutani nyuma ya masikio. Wateja wakidhani ni ngozi yao. Si ngozi yao hata kidogo. Ni mahali mwanga ulipotokea.

Nikanunua TT600 mbili na triga ya XPro, kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake kwa mbali. Vyote vitatu havikufikia bei ya flashi moja kubwa ya Canon. TT600 haina TTL, yaani haijipimii mwanga. Nguvu unaipanga mwenyewe, kuanzia 1/1, yaani nguvu yote, kushuka hadi 1/128. Wengi wanaikataa kwa hilo. Mimi nasema, mtu akiwa ameketi na flashi imesimama kwenye stendi, hapo ndipo penye uzuri wake. Ukishapata kipimo, picha ya kwanza na ya arobaini zinafanana. TTL ikikutana na buibui hulivutia kwenye kijivu, ikikutana na kanzu nyeupe huizimisha. Hii haidanganywi na nguo.

Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa mama mdogo. Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, sentimita 109, kushoto kwake, juu kidogo ya macho. Shata, yaani muda kamera inaofunguka, sekunde 1/200, tundu la lenzi f/5.6, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 100, nguvu ya flashi 1/8, umbali mita mbili. Ilikuwa nzuri, ila bado kavu. Nikausogeza mwavuli hadi mita moja.

"Mwanangu, taa karibu hivyo haitaniunguza?"

"Haiunguzi, mama. Ni kufumba na kufumbua."

Umbali ukipungua nusu, mwanga huongezeka mara nne, kwa hiyo nikashuka hadi 1/32. Shavu likapata umbo. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Taa ndogo huacha doa moja kali, taa pana iliyo karibu hutandaza mng'ao ule taratibu kutoka kwenye mfupa wa shavu hadi kidevuni. Ukuta wa nyuma nao ukazama, kwa kuwa sasa ulikuwa mbali na taa mara kadhaa kuliko uso. Mama mdogo aliitazama picha kwenye kioo cha kamera, kimya, kisha akasema anafanana na marehemu bibi. Nilikuwa sijawahi kuuona mfanano huo, na mtu huyu amenilea.

XPro ndiyo iliyonifanya nizoee kujaribu. Makundi matano ya flashi, A hadi E, kila moja na kitufe chake, nabadilisha nguvu bila kuondoka nilipo. Mawasiliano ni ya redio, 2.4 GHz, hayahitaji flashi na triga zionane. Siku moja niliiweka flashi ya pili nje ya dirisha, nikaifunika karatasi ya rangi ya chungwa, nikapata jua la jioni saa saba mchana. Angalia tu ununue XPro ya kamera yako, kwani ya Canon si ya Nikon.

Raskazone, ufukweni Tanga, nilikwenda alfajiri na bwana harusi, jua likichomoza mgongoni kwake. Hapo utajifunza jambo moja la thamani: chini ya kikomo cha kamera yako, mara nyingi 1/200, kasi ya shata haigusi mwanga wa flashi, inagusa anga tu. Nikitaka anga izidi kukolea, naharakisha shata. Uso unabaki vilevile. Lakini upepo wa bahari ukiushika mwavuli, stendi haina la kufanya. Ulianguka, ukavunjika mbavu mbili. Sasa nabeba kiroba kitupu, nakijaza mchanga palepale, nakitundika mguuni mwa stendi.

Jua la utosini ndilo linaloishinda. Kwa f/2.8 unahitaji shata karibu 1/3200. TT600 ikiwa nje ya kamera inafika hadi 1/8000, ila kwa kasi hizo nguvu nyingi inaliwa. Utaondoa mwavuli na kuipeleka hadi 1/1, na hapo mwanga mlaini umekwisha. Mimi humpeleka mteja chini ya mti wa mkungu, basi.

Harusini, bibi harusi akiingia ukumbini anatembea, siitumii. Hapo TTL inahitajika, na TT685 inayo, nayo ni ya familia hiyohiyo ya redio.

Betri ni nne za AA. Tumia za kuchaji, seti mbili kwa kila flashi. Za kawaida za dukani zilinivujia ndani na nikasugua vyuma vyake kwa ndimu nusu siku. Ukiwa dukani, iwashe, iweke 1/1, ipige mara kumi. Kila mara isubiri taa ya utayari. Kwa betri nzuri haizidi sana sekunde mbili na nusu. Kisha itingishe kidogo mguuni. Mguu ukicheza, omba nyingine.