Skopu yangu ndogo huko Mida: ilivyovaa mpira, ikavuliwa, ikashonewa nguo

Siku niliyoivua skopu yangu, darubini ya jicho moja ya kutazamia ndege, ule mpira niliouvalisha mwenyewe kwa mbwembwe, nilikaa kimya kama mtu aliyefumaniwa. Chini ya mpira kulikuwa na chumvi. Si chembe mbili tatu, ni ganda jeupe lililozunguka kiuno chote, na skrubu moja ya pale inaposhikana na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ilikuwa imeshaota kutu. Miezi saba nilijisifu kwamba nailinda, kumbe naichovya kwenye maji ya bahari polepole.

Skopu yenyewe ina lenzi ya mbele ya milimita 50, inakuza mara 13 hadi 30, na ni ile ya kuangalia umeinamisha kichwa, si ya kunyooka kama mtutu wa bunduki. Bila lenzi ya jichoni haitimii nusu kilo. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, ikiwa imetumika lakini vioo safi. Kampuni siitaji, maana nimeshika ndogo nyingine mbili tatu za makampuni tofauti na tabia yao ni moja: vioo vizuri, mwili umepakwa rangi ya kung'aa kama pikipiki mpya, na vifuniko vya lenzi vinadondoka ukivitazama vibaya.

Kazi yangu ni kuwatembeza watazamaji wa ndege kwenye hori ya Mida, Watamu, pwani ya Kenya. Wageni wenye skopu za milimita 80 huniangalia kwa huruma saa moja asubuhi. Saa tano, jua limeshachoma na bado tuna nusu saa ya kukanyaga tope la mikoko, huniangalia kwa wivu. Kwa mwanga wa asubuhi hii ndogo hainiangushi. Ikiwa kwenye 13 picha ni angavu na pana, unamfuata ndege kama sululu akitembea bila kumpoteza. Jioni ndiyo shida. Gawanya 50 kwa 30, mwanga unaotoka kuingia jichoni una upana wa milimita 1.7 tu, wakati kwenye 13 ni karibu 3.8. Kwa hiyo jua likianza kuzama sipandi zaidi ya 20, na mgeni akizungusha mpaka mwisho namwachia aone giza mwenyewe.

Sasa huo mpira. Fundi baiskeli wa Gede alinipa tyubu kuukuu ya baiskeli ya matairi mapana, bure, kwa sababu ilikuwa na viraka vinne. Nikakata kipande cha shubiri moja kisicho na kiraka, nikakiosha ndani kwa sabuni mpaka ile poda nyeupe ikaisha, nikakivuta juu ya skopu kikiwa bado na povu ili kiteleze. Kilikaa utadhani kimetoka kiwandani. Ukiishika kwa mikono yenye jasho na mafuta ya jua, haichomoki. Iliwahi kuanguka kwenye mbao za lile daraja la mikoko, ikaruka kidogo na kutulia, haina hata alama. Nikapiga picha, nikawatumia wenzangu. Wawili wakaiga.

Dosari ya kwanza ilikuwa joto. Mpira mweusi juani ni sufuria. Picha ilikuwa ikitetemeka kuanzia saa nne, nami nikawa nalaumu mazigazi yanayopanda juu ya tope. Mazigazi yapo kweli, na hakuna darubini inayoyashinda. Lakini siku moja niliitupia skopu kikoi kujifuta uso, na nilipoangalia tena baada ya dakika chache ule mtetemo ulikuwa umepungua. Hewa iliyomo ndani ya bomba ilikuwa inachemka kwa sababu ya nguo niliyoivalisha mimi. Dosari ya pili ndiyo ile chumvi. Tyubu inabana, ndiyo, lakini haibani kiasi cha kuzuia maji yasipenye, inabana tu kiasi cha kuyazuia yasitoke.

Kwa hiyo nikaja kwenye mpira-sponji wa suti ya kuzamia. Watamu haukosekani, wazamiaji huzitupa suti zikichanika magoti. Nilipewa mguu mmoja, unene wa milimita 3, nikaupeleka kwa mama mmoja mshonaji pale Gede. Akaugeuza, akaunusa, akaniuliza, "Mwanangu, hii soksi ni ya mguu wa nani?" Nikamtolea skopu mkobani. Akaishika kama anayepima mtoto, akazungusha futi kiunoni na shingoni, akaniambia nirudi Alhamisi, shilingi 600.

Nguo ya kwanza ilikosewa mara mbili, na makosa yote mawili ni yangu, si yake. Nilisema ifunike kila kitu, basi ikafunika mpaka gurudumu la kulengea, lile la kuifanya picha iwe wazi. Kila ukigusa kitambaa, picha inapotea. Halafu velkro niliitaka upande wa ndani isionekane, ule upande wenye vimiba ukaanza kukwaruza rangi. Tukairudia. Sasa ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vinakutana kwenye gurudumu na kuacha dirisha la vidole viwili. Velkro iko nje ubavuni, na pale skopu inaposhikana na tripodi pako wazi kabisa. Juu ameshonea kipande cha turubai cha rangi ya mchanga, kwa ajili ya joto. Haishiki mkononi kama tyubu, na ikianguka sidhani itaruka vile. Lakini inavuliwa. Kila jioni naivua, naichovya kwenye ndoo ya maji baridi, naianika pamoja na soksi zangu za kawaida, na mwili wa skopu naupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji yasiyo na chumvi.

Kwenye lenzi sigusi hivyo. Chumvi ikikauka inakuwa vioo vidogo, na mtu anayefuta kwa ncha ya shati anajikwaruzia lenzi yake mwenyewe huku anatabasamu. Mimi napuliza kwanza kwa kile kipira cha mkono, kisha brashi laini, kisha matone ya maji safi, na kitambaa cha lenzi kinakuja mwisho kabisa. Mbele kuna hesi za kufungia zenye kipenyo cha milimita 55, nimefunga filta, kioo cha kukinga lenzi, ya bei ya wastani. Sikufichi, kwenye 30 filta inapunguza ukali wa picha, manyoya ya shingo ya kitwitwi yanalainika kidogo. Kwa hiyo kusi ikivuma na marashamarasha yanaruka inakaa, siku ya shwari naitoa. Kivuli cha lenzi nimekikata kwenye bomba la PVC, ndani nikabandika mahameli nyeusi ili mwanga usirudi. Kifuniko nimekifunga kwa mshipi wa kuvulia, fundo la wavuvi. Tangu hapo sijapoteza kingine.

Kuna saa moja ambayo vitu vyote hivi hupimwa kwa pamoja. Wageni wengi huja kwa ajili ya ndege mmoja, Dromas ardeola, mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji. Huzaliana pande za Uarabuni na Ghuba, huko hutaga ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, halafu makundi yanakuja kukaa kwetu. Siku za bamvua, maji yakianza kujaa, yanawasukuma kutoka katikati ya hori mpaka karibu na sisi. Unasimama ndani ya maji ya kifundo, tripodi nayo imo, huna pa kuweka kitu, na kila mtu anataka aangalie sasa hivi. Kama skopu inateleza, au kifuniko hakipo, au gurudumu limebanwa, utajua hapo.

Tripodi imeniudhi kuliko skopu. Maji ya chumvi yakiingia kwenye maungio ya miguu, baada ya miezi miwili inasaga kama jahazi kuukuu. Dawa niliyoipata ni ndogo: siku za majini navuta kwanza kile kipande cha chini kabisa ili kifungo chake kikae juu ya maji, badala ya kuanza na cha juu kama tulivyozoea. Nyumbani naifungua miguu yote na kuisuuza. Na kwa kuwa ni nyepesi, upepo ukizidi naning'iniza mkoba wenye chupa mbili za maji katikati.

Kuhifadhi: usiiweke kwenye mkoba wa ngozi kabatini, hasa ukiishi pwani. Ukungu wa lenzi unaanza kama uzi wa buibui pembeni, na ukishaota hautoki kwa kufuta. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nguo yake sharti iwe imekauka kabisa kabla ya kuingia humo. Na kama skopu yako imejazwa gesi ya nitrojeni ndani ili unyevu usiingie, usikubali mtu aifungue eti aipige brashi. Mimi nusura nikubali. Fundi mmoja alikuwa ameshachukua bisibisi.

Kishikio cha simu nilikitengeneza kwa kifuniko cha chupa, kinafanya kazi, picha si za kujivunia.

Kilichonishinda mpaka leo ni kile kikombe cha mpira cha jichoni. Kimeanza kunata. Mhalifu ni dawa ya mbu ya kujipaka, zile zenye kemikali ya DEET, maana DEET hula plastiki na mpira, na mgeni akishajipaka mikono hiyohiyo ndiyo inayoshika jicho la skopu. Siku hizi natembea na kichupa cha maji ya sabuni, namwomba kila mtu anawe kwanza, na wengine wananiona mkorofi. Mvuvi mmoja amenipa miwani ya kuzamia iliyovunjika kioo. Ukingo wake ni silikoni laini, mviringo unakaribia kutosha. Jumamosi nakaa na wembe.